Kisima chetu kina bakteria na jirani anachimba choo. Nianzie wapi?

"Tunatumia kisima cha kuchimba kwa mkono, kina cha mita 9, kimejengewa pete za zege. Wakati wa kiangazi maji yako mita 6 chini, mvua zikikolea yanapanda hadi mita 3 na nusu. Maji yenyewe ni baridi na matamu, ila mvua kubwa ikinyesha yanabadilika rangi siku mbili hivi, kisha yanatulia. Kila mwezi tunamwaga dawa ya klorini kisimani. Juzi tumepima: E. koli 34 kwa mililita 100, naitreti 38. Sasa jirani wa upande wa juu ameanza kuchimba choo cha shimo mita 18 kutoka kisimani kwetu, anasema atakwenda chini mita 5 ili kisijae upesi. Mume wangu anataka tuongeze kina cha kisima. Mama mkwe anasema udongo unachuja, tuache wasiwasi. Mimi nina mtoto wa miezi miwili ninayemchanganyia maziwa ya kopo. Nimzuie jirani? Tuchimbe zaidi? Au nichemshe tu?"

Dada, pole kwa wasiwasi. Umeniandikia mambo ambayo kwa kawaida hulazimika kuyauliza mara ya pili: maji yako wapi kiangazi, yanapanda hadi wapi wakati wa mvua, na hiyo habari ya kubadilika rangi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishuku kwamba bakteria mlionao leo hawana uhusiano na choo cha jirani, ambacho hata hakijaanza kutumika. Wanaingia kwa juu, kwenye mdomo wa kisima chenu wenyewe. Choo kina hatari yake, nami nitaifikia, lakini hata ukifanikiwa kumsimamisha jirani leo, E. koli 34, yaani bakteria wa kinyesi, watabaki palepale.

Niseme kwanza la mtoto, maana lake halisubiri ujenzi.

Naitreti ni chumvi ya nitrojeni inayotokana na kinyesi na mbolea, na kikomo chake kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kuna mtego hapa. Baadhi ya maabara haziandiki naitreti nzima, zinaandika nitrojeni iliyomo ndani yake tu, na kwa hesabu hiyo kikomo ni kama 11. Kwa hiyo 38 yako ama iko chini ya kikomo, ama ni sawa na naitreti 168, zaidi ya mara tatu ya kikomo. Tazama cheti: kama kimeandikwa NO₃ ni hesabu ya kwanza, kama ni NO₃-N ni ya pili. Kama hakijaandikwa chochote, wapigie simu leo.

Kwa mtu mzima mwenye afya jambo hili si la kukosesha usingizi. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekunywa maziwa ya kuchanganya, ni kubwa. Naitreti ikiingia mwilini mwake sehemu yake hugeuka naitraiti, na naitraiti huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni ipasavyo. Midomo, kucha na ngozi vinaanza kuwa na rangi ya kijivu au ya samawati, mtoto analegea, anahema kwa shida. Kuhara huongeza hatari hiyo, ndiyo maana maji yenye naitreti nyingi na vidudu kwa pamoja yananitisha zaidi kuliko yenye kimoja tu.

Na hapa ndipo kuchemsha kunapowaponza watu wengi. Kuchemsha ni njia nzuri kabisa dhidi ya vidudu: maji yakishatokota kwa nguvu, bakteria, virusi na vimelea wanaosababisha kuhara wamekwisha. Dakika ishirini za kuungurumisha sufuria ni kuchoma kuni na gesi bure. Anayeishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari aache yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Lakini naitreti haifi, kwani haikuwa hai. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki na kukolea. Ukichemsha hadi yabaki nusu, 38 imekuwa 76. Vivyo hivyo kwa floraidi, aseniki, chumvi na dawa nyingi za kuulia wadudu.

Kwa hiyo maziwa ya mtoto yachanganye kwa maji ya chanzo kingine kilichopimwa, uyachemshe yatokote tu na kuyazima, mpaka kisima kipimwe upya na majibu yawe mazuri. Kama unanyonyesha pia, endelea bila hofu. Mama akinywa maji yenye kiwango kama hicho, naitreti haipiti kwa wingi kwenye maziwa yake.

Tuje kwenye utamu wa maji. Ladha na uangavu havikuambii chochote kuhusu vidudu. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alifuatilia vifo hadi kwenye pampu moja ya Broad Street. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa na hapo, ambaye aliyapenda maji ya pampu ile kiasi cha kuagiza apelekewe chupa kila siku. Mafundi walipofukua baadaye walikuta shimo la maji taka la nyumba ya jirani, matofali yake yameoza, likiwa chini ya mita moja kutoka ukuta wa kisima. Maji yalikuwa yanavuja moja kwa moja, na mnywaji hakuonja chochote kibaya.

Sasa mama mkwe. Hajakosea kabisa. Udongo unachuja, tena vizuri, mradi upewe muda na hewa. Uchafu unapotoka kwenye shimo na kushuka katika udongo mkavu wa chembe ndogo, unakwenda polepole, unashikamana na chembe, na viumbe wadogo wa udongoni wanawamaliza bakteria wa tumboni mmoja baada ya mwingine. Baada ya muda sakafu na kuta za shimo huota utando mzito unaochuja zaidi. Bakteria ana ukubwa wa kama mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Virusi wa kuhara ni wadogo kuliko hapo kwa zaidi ya mara kumi, kwa hiyo kuchujwa peke yake hakuwatoshi: hao humalizwa na muda.

Uchafu ukishayafikia maji ya ardhini, mambo yanabadilika. Matundu yote yamejaa maji, hewa hakuna, na uchafu unasafiri kwa mwendo wa maji yenyewe. Tufanye hesabu ya makadirio kwa mchanga wa wastani, ambamo uso wa maji ya ardhini unateremka sentimita moja kwa kila mita: maji yanaweza kwenda kama sentimita 40 kwa siku. Mita 18 zenu zingechukua siku 45. Weka kokoto nene mahali pa mchanga, mwendo unaongezeka mara kumi au zaidi, na safari ileile inakuwa ya siku nne au tano. Kwenye mwamba wenye nyufa inaweza kuwa ya saa chache. Ndiyo maana Uingereza na Ujerumani, zinapochora eneo la ndani la ulinzi kuzunguka chanzo cha maji, hutumia siku 50 za safari ya maji, muda ambao bakteria wengi wa tumboni huwa wamekwisha. Zile mita 30 unazosikia kila mahali ni makadirio ya kumsaidia mtu asiye na vipimo. Katika udongo mzuri 18 zinaweza kutosha, na penye nyufa hata 100 zisitoshe.

Naitreti haimo katika mpango huo. Haishikamani na udongo, haichoki njiani. Popote maji yanapokwenda, inakwenda nayo. 38 yako inasema kuna chanzo cha siku nyingi upande wa juu wa kisima: vyoo vya zamani, zizi, shamba linalowekwa mbolea, au vyote. E. koli wanakueleza habari nyingine, ya kinyesi kilichoingia karibuni. Ndiyo sababu nasema mna matatizo mawili, na suluhisho la moja haligusi jingine.

Nirudi kwenye mdomo wa kisima. Maji yaliyochujwa katika mita kadhaa za udongo hayana sababu ya kugeuka rangi mvua ikinyesha. Yakigeuka ndani ya saa chache, kuna maji ya juu yanayoingia bila kuchujwa. Unaweza kupaona mwenyewe. Siku ya jua, saa tatu asubuhi hivi, chukua kioo cha mkono, simama mahali imara pembeni ya kisima, urushe mwanga wa jua ndani. Upitishe taratibu juu ya pete, kuanzia ile ya kwanza. Tafuta michirizi ya kahawia inayoanzia kwenye maungio, vijizizi vilivyopenya, ukijani kwenye sehemu ambayo ingepaswa kuwa kavu. Kisha mtu amwage ndoo tatu nne za maji kwenye sakafu ya nje, hasa pale inapokutana na pete, wewe ukiendelea kuangalia. Pete ya kwanza au ya pili ikianza kutoa jasho baada ya dakika chache, umeupata mlango. Isipotoa, usijitangazie ushindi bado, kwani mvua ya usiku mzima hulowesha kuliko ndoo nne.

Tazama na mambo ya kawaida ambayo macho yameyazoea. Kamba inalala wapi ikishatumika? Ndoo ya kuchotea inawekwa chini, kwenye matope yaliyokanyagwa na kuku na mbuzi? Kuna anayefua nepi hapohapo kisimani? Desturi ya kila mtu kuja na ndoo yake inatosha kuleta hao 34 bila ufa wowote.

Tengenezo lenyewe si la kitaalamu sana, ila lifanywe na fundi anayejua visima, na lifanywe kiangazi maji yakiwa chini. Achimbe kuzunguka pete za juu, kwa nje, hadi mita 2 au 3. Azibe maungio kwa saruji. Pale alipochimba asirudishie udongo uleule uliolegea. Ajaze udongo wa mfinyanzi na kuushindilia tabaka kwa tabaka. Juu yake amwage sakafu ya zege inayotoka walau mita moja kila upande, yenye mteremko wa kutoa maji nje na mfereji wa kuyapeleka mbali. Ukuta wa kisima uinuke juu ya sakafu, uwe na kifuniko, na uchotaji uwe wa pampu ya mkono au ndoo moja isiyoondoka hapo. Ninyi msishuke ndani, hata kwa dakika moja ya kuokota ndoo. Hewa ya chini ya kisima inaweza kuwa imekosa oksijeni bila harufu yoyote. Na mtu asithubutu kuteremsha pampu ya injini ndani: moshi wake huua anayeshuka, kisha huua anayemfuata kumwokoa.

Mume wako na kuongeza kina: namwelewa, watu wengi huamini kwamba maji ya chini zaidi ni safi zaidi. Mara nyingi ni kweli kwa kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, lakini usafi wake unatokana na bomba lililozibwa vizuri pembeni, na tabaka la mfinyanzi lililo juu ya maji, kama lipo. Kuongeza kina huku juu panavuja ni sawa na kurefusha mrija uliotoboka karibu na mdomo. Tena chini kunaweza kuwa na chumvi au floraidi ambayo sasa hamna. Mkiamua kuchimba siku moja, pimeni floraidi (kikomo miligramu 1.5 kwa lita) na aseniki (miligramu 0.01) kabla hamjaanza kunywa.

Ile klorini ya kila mwezi acheni. Maji ya kisima hayajakaa, yanaingia na kutoka, na klorini iliyobaki inamalizwa na tope na majani kwa muda mfupi. Mnapata harufu siku moja na siku ishirini na tisa za matumaini. Kuitia kisimani kuna wakati wake mmoja: baada ya matengenezo, ili kuua vilivyobaki. Kama pete zina kipenyo cha mita 1 na kiangazi mna mita 3 za maji, hiyo ni kama lita 2,400. Kwa miligramu 50 za klorini kwa lita mnahitaji gramu 120 za klorini yenyewe, yaani kama gramu 180 za chengachenga zile zenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Ziyeyushwe kwenye ndoo ya maji (dawa ndiyo itiwe kwenye maji, si maji kwenye dawa), na isichanganywe na sabuni wala asidi yoyote. Mwageni, muache saa 12 au zaidi bila mtu kutumia, kisha mchote na kumwaga hadi harufu iishe.

Mpaka hapo, kutibu maji ni kazi ya nyumbani, kwenye chombo. Kama hamchemshi, tieni klorini kwa kila chombo. Kwa maji maangavu, miligramu 2 kwa lita hutosha. Kwa dawa ya klorini ya majimaji ya dukani, isiyo na manukato wala sabuni, yenye klorini ya asilimia 5, ndoo ya lita 20 inataka mililita 0.8. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na msomee kibandiko kwani nguvu hutofautiana. Koroga, funika, subiri nusu saa. Siku za maji yenye rangi yaacheni yatulie kwanza, myachuje kwa kitambaa safi, ndipo mtie dozi maradufu, au mchemshe. Wapo vimelea wachache, kama kriptosporidiamu, wasioogopa klorini, na siku hizo za tope ndizo zao. Kwa hiyo mimi ningechemsha. Hifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au koki. Kikombe kinachozamishwa na mkono hurudisha kila ulichoondoa.

Sasa jirani. Mita 18 si nyingi, lakini kinachonisumbua ni zile mita 5 za kwenda chini. Mvua zikija, maji ya ardhini kwenu yako mita 3 na nusu. Hata kama kwake ni juu kidogo, shimo lake litasimama ndani ya maji, na ule udongo mkavu wa mama mkwe hautakuwapo. Inatakiwa walau mita moja na nusu ya udongo mkavu kati ya sakafu ya shimo na maji yanapokuwa juu kabisa. Kama kwake hali ni kama kwenu, shimo lisipite mita 2.

Usiende kumwambia choo chake kitawaua. Nenda na jambo linalomhusu. Shimo linalokaa ndani ya maji linabomoka kuta, na siku ya mvua linajaa hadi juu, kwa hiyo kile anachokikimbia ndicho atakachokipata. Hofu yake ya kujaa upesi ni ya haki na ina majibu: mashimo mawili mafupi ya kupokezana, au shimo lililojengewa kuinuka mita moja juu ya ardhi na kuzungushiwa kifusi, au shimo fupi lakini pana. Kama kiwanja chake kinaruhusu kulisogeza mbali zaidi au upande ambao maji hayaelekei kwenu, bora zaidi. Ardhi ya juu huwa inatoa dokezo la upande maji yanakoelekea, ingawa haihakikishi. Akikataa yote na sheria za mahali mlipo zimeweka umbali, afisa afya ndiye wa kuitwa. Ningemwacha awe wa mwisho. Mtaishi na jirani miaka mingi kuliko na afisa.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatoshi. Mtoto akionyesha rangi ya kijivu au samawati mdomoni, au akihema kwa shida, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie kuhusu naitreti kwani huenda wasilifikirie. Kuhara damu, au watu kadhaa wa nyumba mbalimbali kuugua pamoja, ni kwa daktari na afisa afya. Maji yakinuka mafuta ya taa au petroli, acheni kuyatumia na msiyachemshe. Na fundi akigonga mwamba wenye nyufa wakati wa kuchimba kuzunguka pete, simamisheni mumwite mtaalamu wa maji ya ardhini. Mji wa Walkerton, Kanada, Mei 2000, ulikuwa na kisima kifupi kwenye mwamba wa aina hiyo. Mvua kubwa ilisukuma samadi ya shamba la karibu hadi kisimani, klorini iliyotiwa haikutosha, na watu zaidi ya 2,300 waliugua, 7 wakafa. Mwenye ng'ombe alikuwa ametunza samadi yake kwa kufuata taratibu. Mwamba haukuwa na udongo wa kumsaidia.

Mkishatengeneza na harufu ya klorini ikaisha, subirini wiki mbili ndipo mpime, na mpime tena baada ya mvua kubwa ya kwanza. Tumieni chupa ya maabara yenyewe, ikae kwenye ubaridi, ifike siku hiyo hiyo. E. koli wanatakiwa kuwa sifuri. Wakishuka kiangazi na kurudi na mvua, bado kuna uvujaji wa juu, fundi arudi. Wakibaki vilevile mvua ije isije, huku sakafu na maungio ni mazima, basi wanapita chini, na hapo mjadala ni wa kuhamisha kisima kwenda upande wa juu wa vyoo, au kutafuta chanzo kingine cha kunywa na hiki kibaki cha kufulia na kumwagilia.